Dhamana ya Fundi kwa Kilicho Chini ya Kifuniko

Miongoni mwa masuala ambayo wanachuoni wa sheria na wa hekima wameyashughulikia tangu zamani, liko moja ambalo huonekana dogo kwa asiyelitazama kwa makini, nalo ni hili: kitu kinachofanya kazi leo mbele ya macho ya mwenyewe, ilhali ndani yake mna kasoro ambayo fundi peke yake aijua, je, kitu hicho ni kizima au ni kibovu, na fundi aliyekikabidhi bila ya kutamka hata neno moja la uongo, je, amesema kweli au amedanganya? Wapo wanaoshika kwamba uongo ni wa ulimi tu, na kwamba mkono hauna uwezo wa kudanganya. Mimi sioni hivyo, na nakusudia kuzieleza sababu zangu kwa njia ya kitu kimoja hafifu sana, ambacho wengi hawajapata kukitia machoni ijapokuwa wamekichukua mifukoni mwao mchana kutwa na usiku kucha: utepe wa nyaya uliomo ndani ya vyombo vya umeme, pamoja na soketi ambamo huchomekwa.

Mwalo wa Katonga, usio mbali na mji wa Kigoma, watu huujua kwa dagaa na migebuka, wala sifa yake haikutokana na vyombo vya umeme. Lakini mwalo wa leo si ule wa enzi za karabai. Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, wavuvi huingia ziwani na taa zinazolishwa na betri, ambazo mwangaza wake huwavuta dagaa juu. Mfukoni mwa mvuvi mna simu ya kuulizia bei. Na nchi kavu, katika vibanda na nyumba, mna deki za kuonyeshea picha, ving'amuzi, redio, mashine za kuchapia karatasi, na amplifaya za misikiti na makanisa. Vyombo hivi vyote hukutana na maadui walewale: unyevu wa ziwa, mchanga laini wa ufukoni, mtikisiko wa mashine za maboti, na mikono yenye maji. Vikiharibika hupelekwa kwa fundi aliyeketi nyuma ya meza yake ndogo, mwenye bisibisi, chuma cha kulehemu, kipimo cha umeme na kioo cha kukuzia. Na aghalabu, akishakifungua chombo, mojawapo ya vitu vya kwanza kuvitilia shaka huwa ni utepe.

Kwa yule asiyepata kuuona, utepe ni jamii ya nyaya nyembamba zilizolazwa ubavu kwa ubavu, zisipandane wala zisigusane, ili zipeleke habari na nguvu kutoka bodi moja hadi nyingine mahali ambapo nyaya za kawaida zingeleta msongamano, au mahali ambapo sehemu moja hukaa kimya na nyingine huenda na kurudi, mfano wa kile kijicho cha mwanga kinachosoma sahani ndani ya deki. Uko utepe wa kijivu, ulio mnene kidogo, wenye nyaya za mviringo zilizoungana kwa ngozi ya plastiki, na ukingoni mwake umetiwa mstari mwekundu. Uko ule mweupe, mwembamba kama karatasi, ambao ndani yake mna vipande bapa vya shaba vilivyobanwa kati ya ngozi mbili, na ncha zake zimeachwa wazi na kutiwa mgongo mgumu, aghalabu wa rangi ya buluu, ili zisipinde wakati wa kuchomekwa. Na uko ule wa rangi ya kahawia au manjano ambao mafundi wa simu huuita fleksi, uliokatwa kwa umbo la chombo kimoja tu na usiofaa kwa kingine. Soketi zake nazo hutofautiana: nyingine huubana utepe kwa nguvu ya vyuma vyake tu, na nyingine zina kibanio kidogo cha plastiki ambacho huinuliwa au kuvutwa, utepe ukaingia bila ya kusukumwa, kisha kikarudishwa mahali pake kikaushika.

Kibanio hicho ndicho chanzo cha maneno yangu yote. Unene wake haushindi ukucha; fundi mwenye haraka hukivunja, na wakati mwingine huwa kimekwisha kuvunjwa na fundi aliyetangulia. Kikishavunjika, utepe huingia katika soketi lakini haubanwi. Ncha zake huzigusa pini kwa bahati, leo ndiyo, kesho siyo. Dawa ya haki ni kuing'oa soketi yote na kulehemu nyingine, kazi inayotaka jicho zuri, mkono mtulivu, na spea ambayo pengine yapatikana Kariakoo, Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya siku moja kwa treni. Dawa ya haraka ni kukata kijikaratasi, au kipande cha gundi ya nailoni, kukikunja na kukipenyeza nyuma ya utepe ili kiusukume kwenye pini. Papo hapo kioo huwaka, sauti hurudi, mwenye chombo hufurahi, hulipa, huondoka. Na fundi hakusema uongo wowote. Aliulizwa, "Imepona?" naye akakiwasha chombo, kikajibu kwa niaba yake.

Ni lazima nieleze yanayofuata, kwa kuwa hukumu ya jambo haiwezi kuthibiti mpaka hali ya jambo lenyewe ijulikane. Karatasi hunyonya unyevu na kulegea. Joto la chombo huikausha, ikasinyaa. Nguvu ya kuusukuma utepe hupungua kidogo kidogo. Utepe usiobanwa sawasawa hucheza, mchezo mdogo usioonekana kwa macho, na kila ukicheza hukwangua ngozi nyembamba ya bati au dhahabu iliyopakwa juu ya pini. Mahali palipokwanguliwa hupata kutu isiyopitisha umeme, na pakiwa pana unyevu na umeme kwa pamoja, ulaji huo huharakishwa. Hatimaye huja ugonjwa ambao mafundi wote huuchukia kuliko ugonjwa mwingine wowote, ule wa kuja na kwenda: chombo hulala chenyewe, kikagongwa kikaamka, kikapelekwa kwa fundi kikafanya kazi mbele yake kana kwamba hakijapata kuumwa, kikarudishwa kikazima tena. Basi kijikaratasi hakikuiondoa kasoro. Kiliichukua kutoka mahali ilipoonekana kikaipeleka mahali isipoonekana, na kutoka siku ya fundi kikaihamishia siku ya mvuvi, ambayo yamkini itakuwa ni usiku wa upepo katikati ya maji.

Hapa ndipo ninapokumbuka kisa kilichopokewa na Abu Huraira na kuthibitishwa katika Sahihi ya Muslim, cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni penye chungu ya chakula, akautia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umaji. Alipomwuliza mwenye chakula, mtu yule alijibu kwamba kimepatwa na mvua. Akaambiwa, kwa nini basi asikiweke kile kilicholowa juu, watu wakapata kukiona? Kisha likatolewa onyo kali juu ya mwenye kughushi, ambalo Waislamu wengi hulijua kwa moyo. Hadithi hii kila mtu wa Katonga aweza kuifahamu bila ya mfasiri, maana ameona mwaloni gunia la dagaa lililo kavu juu na bichi chini. Walakini, katika kuisoma, watu wengi hupita haraka kwenye jambo ambalo mimi naona ndilo kiini chake. Mwenye chakula hakukilowesha. Mvua ilikilowesha, na mvua haina mwenye kulaumiwa. Wala hakusema kuwa ni kikavu, alinyamaza. Alichokifanya kilikuwa ni mpango wa mahali tu, hiki juu na hiki chini. Na mpango huo wa mahali ulitosha kuwa ghushi. Kwa hiyo yule asemaye kwamba mkono haudanganyi, na ajibu hapa: nani aliyedanganya, ikiwa ulimi ulikuwa kimya? Ni mkono. Na fundi naye hakukivunja kibanio, au labda hakukusudia kukivunja. Kutu ililetwa na ziwa. Kinachomhusu ni kile alichokiweka juu na kile alichokiweka chini.

Iko hoja ya upande wa pili, nayo si dhaifu. Fundi si mchuuzi. Mchuuzi huuza kitu chake, na fundi hutengeneza kitu cha mwenziwe, hawezi kuambiwa kwamba ameuza kibovu kwa bei ya kizima. Lakini suala hili nalo lina wenyewe waliolitangulia. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, ameweka mlango mzima wa adabu za uchumi, na humo anataja kwamba Imam Ahmad bin Hambal aliulizwa juu ya nguo iliyoraruka ikashonwa kwa ustadi hata mshono usionekane. Jawabu lake, kwa muhtasari, ni kuwa muuzaji hana ruhusa ya kuuficha mshono huo. Ama fundi mwenyewe, kazi hiyo ni halali kwake ikiwa ajua kwamba mwenye nguo ataudhihirisha, au kwamba hakusudii kuiuza. Tazama jinsi jawabu hili linavyokwenda mbali. Ustadi haukulaumiwa, kushona vizuri si dhambi. Linaloulizwa ni kwamba kitu kikishatoka mkononi mwa fundi, ujuzi wa kasoro yake utatoka pamoja nacho au utabaki kwa fundi peke yake? Na katika mlango huohuo Ghazali anasimulia habari za mshona viatu aliyetaka kujua jinsi ya kusalimika katika biashara yake, akausiwa, pamoja na mengine, ayafanye mema yale majazo ya ndani ya kiatu, asikazanie uso peke yake. Majazo hayo mnunuzi hayaoni mpaka kiatu kitakapochanika. Karne tisa zimepita, na sijui wasia unaomfaa fundi wa utepe na soketi kuliko huo.

Sheria, kwa upande wake, iligawanyika. Wapo mafakihi, na Maliki ni katika walio mashuhuri kwao, waliomtia dhamana fundi anayepokea kazi za watu wote, wakasema kilichoharibikia mkononi mwake atakilipa, kwani watu hawana budi kuwapa mafundi mali zao, na lau hapangekuwa na dhamana mali hizo zingepotea. Na imepokewa kwamba Sayyidna Ali aliwahi kuhukumu kwa namna hiyo. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani na yaliyofuata misafara hata yakakita Ujiji, kauli iliyotiliwa nguvu ni kwamba fundi ni amini, halipi ila alipozembea au alipovuka mpaka. Mtu aweza kudhani kwamba kauli hii ya pili ni nyepesi kwa fundi. Mimi naiona ni nzito zaidi. Yule aliyetiwa dhamana hudaiwa na kadhi, na deni la kadhi hulipwa kwa fedha likaisha. Yule aliyeitwa amini ameachiwa nafsi yake. Neno lake husadikiwa, mkono wake hauchunguzwi, na kwa hiyo hapana mtu aliyesimama kati yake na Mola wake. Mvuvi wa Katonga hawezi kuifungua simu yake akaangalia kama kibanio kimo au mna karatasi, na hata akiifungua hajui anachokitazama. Kutojua kwake ndiko kulikomfanya fundi kuwa amini. Na kutumia kutojua huko ili kumnyamazia ni kuiba kutoka katika kitu kilekile ulichokabidhiwa ukilinde.

Kutoka hapa latokea jambo ambalo watu wa dini aghalabu hawalitaji na mafundi hawalifikirii kuwa la dini, nalo ni wajibu wa kujua. Imepokewa katika Hadithi kwamba mwenye kujitia utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu, ana dhamana. Nia njema haikumwokoa tabibu mjinga; vipi imwokoe fundi? Na katika kazi hii ya tepe ujinga una milango mingi, nami nitaifungua michache ili isidhaniwe kwamba nasema maneno matupu.

Fundi akiutoa utepe mweupe uliochakaa, huona juu yake maandishi, tuseme AWM 20624 80C 60V VW-1, akafurahi akidhani amepata jina la kitu chenyewe. Hakulipata. Maandishi hayo yaeleza tabia ya maada tu: aina ya ngozi, joto la nyuzi 80, volti 60, na kwamba umejaribiwa kwa moto. Tepe elfu za umbo mbalimbali huandikwa hivyo hivyo, na mwenye kuagiza spea kwa maandishi hayo peke yake ataletewa kitu kisichoingia. Kinachoutambulisha utepe ni mambo mengine, ambayo hayakuandikwa popote na lazima yapimwe: idadi ya nyaya, umbali kutoka katikati ya waya mmoja hadi katikati ya wa pili, urefu, na upande ambao ncha zake zimeachwa wazi. Umbali huo haupimwi kwa nyaya mbili, maana jicho hukosea. Hupimwa kutoka waya wa kwanza hadi wa mwisho, kisha hugawanywa kwa idadi ya nyaya baada ya kupunguza moja. Nyaya 20 zenye umbali wa milimita 0.5 zitatoa milimita 9.5, na asiyepunguza ile moja atapata hesabu isiyolingana na utepe wowote ulioko duniani. Ziko tepe za milimita 1.25, na ziko za 1.27, na tofauti hiyo ya unywele, ikijumlishwa kwa nyaya 30, hukaribia milimita 0.6, yaani nusu ya njia, hata pini ya mwisho ikakaa baina ya nyaya mbili.

Kisha upande. Ziko tepe ambazo ncha zote mbili zimefunuliwa upande mmoja, na ziko ambazo ncha moja imefunuliwa juu na ya pili chini. Ukizilaza mezani hufanana kama pacha. Fundi akitia ya pili mahali pa ya kwanza, shaba yake itatazama ukuta wa soketi badala ya kutazama pini, na chombo hakitawaka. Naye, badala ya kusimama na kuuliza, akaupindua utepe ili shaba ikutane na pini, ukaingia vizuri, lakini kwa kuupindua amegeuza mpangilio wote, waya wa kwanza ukawa wa mwisho, na nguvu ikapelekwa mahali palipotengwa kwa jambo lingine. Hapo huungua kitu ambacho hakikuwa kibovu hapo kwanza. Kwa ule wa kijivu, ule mstari mwekundu uliwekwa kwa ajili ya tahadhari hii hasa: huashiria waya wa kwanza, nayo soketi huwa na pembetatu ndogo iliyochongwa, na bodi huwa na tarakimu 1 au alama ya mraba kwenye pini ya kwanza. Alama tatu, zilizowekwa na watu ambao hawatamwona kamwe yule atakayezisoma. Ni haki yao zisomwe.

Na uko mfano mmoja ambao nimeufikiri sana, kwa kuwa unagusa suala letu la kwanza moja kwa moja. Kompyuta za zamani ziliunganishwa na diski zake kwa utepe wa kijivu wenye nyaya 40 na soketi za pini 40. Baadaye, mwendo wa habari ulipozidi, ukatengenezwa utepe wa nyaya 80 kwa soketi zilezile za pini 40. Zile nyaya 40 za ziada hazichukui habari yoyote, zimeungwa na ardhi ya umeme tu, kazi yake ni kukaa katikati ya jirani na jirani ili wasisumbuane. Mtu akiutia utepe wa nyaya 40 katika kompyuta iliyoundwa kwa ule wa nyaya 80, itawaka na kufanya kazi. Itafanya kazi kwa mwendo uliopungua, na mwenyewe hatajua kwamba amepunjwa, kwani hana cha kulinganishia. Basi "inafanya kazi" si jawabu la swali "ni nzima?" Chombo chaweza kufanya kazi kwa nusu ya haki yake, na aliyekipunguza akalala usingizi kwa kuwa hakuna aliyelalamika.

Walio Kigoma wana ushahidi wa thamani ya kazi isiyoonekana, ushahidi uliodumu bandarini kwao tangu kabla hawajazaliwa. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa meli na reli, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani walipolazimika kuondoka, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka mashine zake grisi nzito, sehemu kwa sehemu. Waingereza walipoizamua mwaka 1924, mashine zilikutwa ziko katika hali ya kutumika, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina lake la sasa, ikachukua watu na mizigo ya nchi nne za ziwa hili kwa vizazi.

Sitaki kuwapamba mafundi wale kwa fadhila wasiyokuwa nayo. Walikuwa watu wa dola iliyokuwa vitani, na makusudio yao yalikuwa kuirudia meli yao wenyewe. Kama malipo ya amali huenda kwa nia, basi nia yao naijua kwa kiasi hicho tu. Lakini amali yenyewe, mbali na nia, yatufunza jambo. Walikuwa wakipaka grisi ndani ya chombo kinachokwenda chini ya maji, ambako hakuna msimamizi atakayekagua na ambako kazi nzuri na kazi mbaya zingefunikwa na maji yaleyale. Lau wangepaka nusu, nani angewajua? Na waliofaidika hatimaye hawakuwa wao wala watu wao. Walikuwa adui zao, na baada ya adui zao, akina mama wa Katonga, Kirando na Kasanga waliopanda meli hiyo na magunia yao. Ukweli uliotiwa ndani ya kitu haumchagui wa kumfaa. Na kijikaratasi kilichotiwa ndani ya kitu kadhalika hakimchagui wa kumdhuru.

Yuko atakayesema kwamba haya ni maneno ya watu walioshiba. Mvuvi amekuja jioni, simu yake imezima, boti laondoka usiku. Hana fedha za soketi mpya, wala hakuna soketi mpya. Je, fundi amrudishe mikono mitupu ili dhamiri yake ibaki safi? La, hasha. Kumpa mhitaji kilichopo ni huruma, na sioni haramu katika karatasi yenyewe. Uharamu uko katika kunyamaza. Fundi na amwambie: "Kaka, nimeishika kwa karatasi, itakufaa leo, huenda ikakufaa wiki kadhaa, lakini usiitegemee pekee ziwani, na ukipata fedha irudishe." Maneno haya hayataki elimu kuyaelewa. Mvuvi akishayasikia, yeye ndiye mwenye kuamua kama atachukua simu ya pili, au atapunguza safari, au atajitupa kwa Mungu akiwa anajua anachokifanya. Na bei nayo ishuke ilingane na kazi, kwani malipo ya soketi mpya kwa kipande cha karatasi ni dhuluma hata kama chombo kitadumu mwaka.

Sitamwahidi fundi huyo kwamba atatajirika. Wapo wahubiri wanaosema kwamba mkweli huvuta wateja, na pengine huwavuta. Lakini nimeona pia mteja akimkimbia fundi aliyemwambia kasoro akaenda kwa jirani aliyenyamaza, akamsifu jirani kwa ustadi. Anayetaka kuwa amini kwa ajili ya faida ataacha siku faida itakapohama. Sababu ya kusema kweli juu ya kibanio kilichovunjika ni kwamba kimevunjika, na kwamba mwenye simu ni binadamu ambaye usiku wake una thamani sawa na usiku wako.

Limebaki suala la yule asiyekuwapo mezani. Simu ya Katonga haikai Katonga. Huuzwa Ujiji, hubadilishwa kwa samaki, huvuka kwenda Kalemie au Bujumbura, na mnunuzi wa tatu hakuyasikia maneno ya fundi. Kwa kanuni ya Imam Ahmad, fundi hulazimika kumfikiria hata huyo, na kwa ulimi hawezi kumfikia. Aweza kumfikia kwa kalamu. Vyombo vingi, vikifunguliwa, vina nafasi ndani ya kifuniko: deki, king'amuzi, mashine ya kuchapia, hata simu ina mgongo wa betri au kipande cha gundi ya karatasi. Ningependa kila fundi wa mwalo, na wa Kigoma mjini, na wa kila mahali, aandike humo tarehe, alichokibadilisha, idadi na umbali wa nyaya za utepe alioutia, na kile alichokiacha bila kukitengeneza: "kibanio kimevunjika, nimetia karatasi." Mnunuzi hatayasoma maandishi hayo, lakini fundi ajaye atayasoma, maana ndiye mtu peke yake ambaye hakika atafika hapo, naye hataanza kutafuta ugonjwa upya, hatamlipisha mtu kwa kazi ya kubahatisha, na atamweleza aliye mbele yake hali ya chombo alichokinunua. Kalamu ya wino usiofutika hupatikana katika duka lolote la vifaa vya shule, na kuandika hakuzidi dakika moja kabla ya kufunga kifuniko.